Mlima Haupendi Umati: Mwongozo wa Harusi ya Mlimani kwa Wakaazi wa Dubai Marina

Joto la Dubai likianza kupoa mwezi wa Oktoba, simu za sisi waratibu wa harusi huanza kulia. Kati ya wanaopiga wamo vijana wa Kitanzania, Kikenya na Kiganda wanaoishi au kufanya kazi Dubai Marina na mitaa jirani ya JBR na JLT: wapokezi wa hoteli, wahudumu wa mikahawa, walinzi, wauguzi, mawakala wa nyumba, wahasibu. Wengine huulizia ukumbi wa hoteli au jahazi la kukodi kwenye mfereji wa Marina. Wapo pia wanaotaka mlima: vibanda vya mbao, moto wa kuni, taa ndogo za kuning'inia, miamba nyuma ya picha, na bei ambayo mshahara wa kawaida unaweza kuihimili.

Kutaka mlima hakuna ubaya. Tatizo ni dhana inayokuja nako, kwamba mahali pasipo na makuu ni lazima pawe pa gharama ndogo. Loji ya mlimani hukodishwa kwa bei ya chini kwa sababu vitu vingi havimo, na hivyo visivyokuwemo utavilipia wewe, kimoja kimoja, mara nyingi wiki ya mwisho kabla ya shughuli. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Makala haya yanaeleza namna ya kupiga hesabu kabla upishi haujavunjika. Utaona kwamba kinachoamua kama mlima ni nafuu ni idadi ya waalikwa kuliko bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

Milima iliyo karibu, na baridi inayotafutwa

Marina yenyewe ni tambarare ya kando ya bahari iliyochimbwa mfereji wa kilomita tatu hivi na kuzungushiwa minara. Milima ya kweli iko mashariki, katika safu ya Hajar inayopita Falme za Kiarabu (UAE) na kuingia Oman. Mkaazi wa Marina ana chaguo tatu za kawaida.

Ya kwanza ni Hatta, kipande cha Dubai kilichojitenga na jiji, kama kilomita 130 kutoka katikati ya mji. Kuna bwawa, kijiji cha kale chenye ngome ya mwaka 1896, hoteli ya zamani ya Hatta Fort, na makazi mapya ya watalii: vibanda vya Damani Lodges, trela za Sedr, mahema ya umbo la kuba na bustani ya misafara. Ya pili ni Jebel Jais huko Ras Al Khaimah, mlima mrefu kuliko yote nchini, wenye kilele kinachozidi mita 1,900 na mgahawa uliojengwa mita 1,484 juu ya usawa wa bahari. Ya tatu ni Jebel Akhdar nchini Oman, ambako uwanda wa Saiq uko takriban mita 2,000, nao hujulikana kwa mawaridi yanayochumwa kuanzia Machi hadi Mei na kukamuliwa marashi.

Kwa nini nataja mita? Kwa sababu hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Hatta uko kwenye mwinuko wa mita 300 hivi, kwa hiyo urefu peke yake hukupa nafuu ya nyuzi mbili tu. Anayepanga harusi Hatta mwishoni mwa Mei akidhani mlima utampoza atawatesa wageni wake. Hatta ina hewa kavu kuliko unyevu wa Marina, ina miamba, na usiku wake wa Desemba unapendeza. Lakini kiangazi chake ni kikali, na hayo makazi mapya hufungwa miezi ya joto. Jebel Jais, kwenye ule mgahawa, unapata tofauti ya nyuzi kama kumi. Hiyo ni neema mwezi wa Aprili na adhabu usiku wa Januari: theluji ilianguka kule juu mwaka 2009 na tena 2017. Bibi harusi wa shela nyepesi na mama mkwe wa dera la pamba watahitaji mashuka ya Kimasai au makoti.

Kwa hiyo msimu salama wa Hatta ni Novemba hadi Machi. Kwa Jebel Jais na Jebel Akhdar, Oktoba na Aprili ni bora kuliko katikati ya baridi. Waislamu wakumbuke kwamba Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia ndani ya msimu huohuo mzuri. Majuma ya mwisho kabla ya Ramadhani huwa na harusi nyingi, na bei hupanda.

Hesabu mbili

Sasa tuje kwenye fedha. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia. Si bei za soko wala za mahali popote panapotajwa hapa. Weka za kwako, utaratibu ni uleule.

Chukua waalikwa 60. Ukumbi wa hoteli Marina unakupa chakula, viti, taa, vyoo na kiyoyozi kwa dirhamu 200 kwa kichwa, yaani 12,000. Tazama kama bei imeandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake. Alama hizo maana yake kodi na tozo bado. Hoteli za Dubai kwa kawaida huongeza asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa, na VAT ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018. Jumla si chini ya asilimia 22. Ile 12,000 inakuwa 14,640.

Upande wa mlima, umepata uwanja wa loji kwa dirhamu 4,000. Unashangilia. Kisha orodha inaanza: mabasi mawili kwa 2,400, jenereta na taa kwa 1,500, maturubai na viti kwa 1,500, vyoo vya kuhamishika kwa 1,200, mpishi wa nje kwa dirhamu 90 kwa kichwa, yaani 5,400, na gari la kubeba chakula na mapambo kwa 800. Jumla: 16,800. Mahali palipoanza kwa thuluthi ya bei pamemaliza kwa zaidi ya dirhamu 2,000 juu ya ukumbi wenye marumaru, na bado hakuna aliyepata kitanda.

Punguza waalikwa hadi 24 uone hesabu inavyogeuka. Unakodi vibanda 12 vya watu wawili kwa dirhamu 600 kila kimoja, kodi zikiwa ndani: 7,200. Mnakula katika mgahawa wa loji yenyewe kwa 120 kwa kichwa: 2,880. Basi moja: 1,200. Jumla 11,280, na kila mgeni amelala, hakuna anayeendesha gari usiku wa manane. Ukumbi wa Marina haushuki kwa kiwango hicho, kwa sababu kumbi nyingi zina kiwango cha chini cha matumizi kwa usiku mmoja, uzijaze usizijaze. Kama kiwango hicho ni 10,000, ukiongeza asilimia 22 ni 12,200. Na wageni wako wakikubali kujilipia vibanda, kama ilivyo desturi kwa harusi za safari, gharama yako inabaki 4,080 pamoja na kibanda chenu wenyewe.

Kiini cha somo ni hicho. Mjini, gharama kubwa tayari imezama kwenye jengo, kwa hiyo kila mgeni wa ziada anaongeza kidogo. Mlimani, jengo halipo; mgeni wa ziada anakuja na kiti chake, choo chake, umeme wake na siti yake ya basi. Hadi watu 25 au 30 unatumia kilichopo. Ukivuka hapo, unaanza kujenga ukumbi juu ya mawe kwa usiku mmoja, kisha unaubomoa asubuhi.

Swali la kwanza la kumuuliza meneja wa loji basi ni hili: una vitanda vingapi, na kila chumba kinalaza watu wazima wangapi? Ukubwa wa uwanja haukusaidii kitu. Idadi ya vitanda ndiyo ukubwa wa harusi yako.

Kadi na mchango

Najua ugumu uko wapi. Harusi za kwetu haziendi kwa watu 24. Kuna kamati, kuna kundi la WhatsApp, kuna mchango, na aliyechanga anategemea kadi. Akichanga zaidi anategemea kadi ya watu wawili. Ukishapokea mchango wa watu 80, mlima umekwisha kufungwa. Kwa hiyo uamuzi wa mlima hufanywa kabla ya kamati kuundwa. Harusi ya mlimani ilipwe na maharusi na wazazi, bila michango. Wenye kutaka kuchangia waelekezwe kwenye shughuli nyingine: karamu ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala mtakapokwenda likizo, au chakula cha mchana Marina wiki inayofuata.

Na katika UAE mchango una upande wa sheria. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2021 inayodhibiti ukusanyaji wa michango kutoka kwa umma, na anayekusanya bila kibali huadhibiwa. Zawadi za ndugu na marafiki wa karibu ni jambo jingine, lakini tangazo la kuomba fedha linalosambazwa mitandaoni na kupita kwa watu usiowajua linakuweka pabaya. Kamati zilizozoea kurusha bango lenye namba ya kutumia pesa zikumbushwe kwamba hapa si nyumbani.

Ofu, barabara na mvua

Waalikwa wako wengi wanafanya kazi kwa zamu. Mhudumu wa mgahawa wa JBR hana ofu Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku mwajiri wake anapomhitaji zaidi. Tangu Januari 2022 wikendi rasmi ya nchi ni Jumamosi na Jumapili, na bei za loji zimeifuata. Kwa wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, Jumatatu au Jumanne inaweza kuwa rahisi kwa kila upande: wageni wanapata ofu, na loji ina vibanda vitupu ambavyo meneja yuko tayari kuvipunguzia bei. Kabla ya kuchagua tarehe, wape watu kumi unaowataka zaidi siku tatu, kisha uchukue ile wanayoiweza. Ratiba za zamu hutoka wiki chache kabla, kwa hiyo waombe ofu mapema kwa maandishi.

Safari ya Marina hadi Hatta huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mamlaka ya usafiri, RTA, ilianzisha mwaka 2022 basi la moja kwa moja kutoka kituo cha Dubai Mall kwa dirhamu 25. Linamfaa mgeni mmoja mmoja anayekuja mchana, ila ratiba yake ni ya watalii na halitakurudishia watu usiku. Ukikodi basi, zungumza na dereva kuhusu njia. Barabara ya zamani ya E44 hukata kipande cha ardhi ya Oman, na kwa miaka kadhaa wasio raia wa nchi za Ghuba wamekuwa wakizuiwa kupita hapo. Njia salama ni ile ya upande wa Sharjah. Basi likigeuzwa kwenye kizuizi saa moja kabla ya ndoa, hakuna mshehereshaji atakayeokoa ratiba.

Jebel Akhdar ina masharti yake. Ukazi wa Dubai haumpi kila mtu ruhusa ya kuingia Oman. Inategemea uraia na kazi iliyoandikwa kwenye kibali chake, na wengine huhitaji kuomba viza mapema. Chini ya mlima, karibu na Birkat al-Mouz, polisi hukagua magari, na lisilo la kuvuta magurudumu manne halipandi. Faida yake ni kwamba Nizwa na Muscat zina familia nyingi za Kiomani zenye asili ya Zanzibar zinazoongea Kiswahili. Kupata mpishi anayejua pilau na biriani ya visiwani ni rahisi zaidi huko kuliko Ras Al Khaimah.

Mvua ni chache lakini si mzaha. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa UAE iliangusha zaidi ya milimita 250 kwenye eneo moja la Al Ain kwa chini ya saa 24. Milimani maji hayazami. Hutiririka juu ya mwamba na kujaa kwenye makorongo wanayoyaita wadi. Tangu 2023, kukusanyika karibu na wadi au bwawa wakati wa mvua ni faini ya dirhamu 1,000 na alama sita kwenye leseni. Kuingia kwa gari kwenye wadi inayotiririka ni dirhamu 2,000, alama 23, na gari kuzuiwa siku 60. Ukikagua loji, uliza barabara ya kuingilia inakatiza wadi ngapi. Kama ni moja au zaidi, mkataba lazima uruhusu kuhamisha tarehe bila kupoteza amana pale mamlaka ya hali ya hewa inapotoa tahadhari.

Vitu vinne vya kukagua kwa macho

Picha za tangazo zimepigwa saa ya jua zuri. Wewe nenda saa ileile utakayofungia harusi, mwezi uleule kama inawezekana, na ukague mambo haya.

Umeme. Loji ndogo ina umeme wa kutosha vibanda vyake, si wa kutosha harusi. Jumlisha mzigo: spika na mitambo ya muziki kilowati 3, taa 1, majiko mawili ya kuchemshia maji ya chai kilowati 3 kila moja, vipasha chakula viwili kilowati 2 kila kimoja. Jumla 14. Jenereta iliyoandikwa kVA 15 hutoa kilowati 12 tu za kazi, kwa sababu unazidisha kwa 0.8. Itazima, na itazima wakati chai inachemka na bibi harusi anaingia. Ama uongeze ukubwa wa jenereta, ama upike chai kwa gesi.

Vyoo. Vyoo vya loji viko ndani ya vyumba vya watu. Ukialika wasiolala hapo, watajisaidia wapi? Hakuna mwali anayetaka foleni mlangoni pake.

Chakula. Uliza kwanza kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Loji nyingi zenye mgahawa hukataa, au hukutoza kwa kila sahani. Kama kinaruhusiwa, mpishi awe na leseni. Mama anayepika pilau tamu nyumbani na kuiuza bila kibali anahatarisha ukazi wake, na wewe unahatarisha wageni. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5. Safari ya saa mbili ndani ya sufuria zilizofunikwa kanga haitoshi. Yanahitajika makontena ya kuhifadhi joto, au kupikia kulekule.

Sitara. Hili waratibu wasiojua desturi za pwani hulisahau. Kama kuna shughuli ya wanawake peke yao, kupamba au singo, bibi harusi ataonekana bila shela na wanawake watacheza kwa uhuru. Ukumbi wa mjini una milango na mapazia. Loji ya mlimani ina vibanda vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, na aliye juu anaona kila kitu kilicho chini, achilia mbali wapanda milima na droni. Suluhisho ni kukodi loji nzima, au kufanya shughuli ya wanawake ndani ya ghorofa Marina siku ya kabla, kisha mlimani mwende kwa nikahi na chakula. Sheria ya UAE ya mwaka 2021 kuhusu makosa ya mtandao inakataza kupiga na kusambaza picha za watu bila idhini yao, kwa hiyo tangazo la kuweka simu kando lina nguvu ya sheria nyuma yake.

Ongeza la tano kwa ajili ya wazee: tembea kutoka maegesho hadi mahali pa sherehe ukiwa na viatu vya kisigino. Ukishindwa wewe, bibi atabebwa.

Ndoa na sherehe ni mafaili mawili

Loji haifungishi ndoa. Waislamu hufunga mbele ya mahakama au kwa maadhuni aliyeidhinishwa, kwa walii na mashahidi, baada ya vipimo vya afya vya kabla ya ndoa ambavyo cheti chake hudumu miezi mitatu. Wasio Waislamu wanaweza kutumia sheria ya ndoa za kiraia iliyoanza kazi tarehe 1 Februari 2023. Wakristo wa Marina wengi huenda kwenye makanisa ya Jebel Ali, Wakatoliki kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Waanglikana kwa Christ Church, na mafundisho ya ndoa huchukua muda. Wote watahitaji cheti kinachothibitisha kwamba hawana ndoa nyingine, kilichopitia ubalozi au ubalozi mdogo na kugongwa mihuri.

Ushauri wangu ni kumaliza karatasi wiki kadhaa kabla, mjini, kwa utulivu. Mlimani mwende kusherehekea. Mkitaka hotuba, pete na dua mbele ya miamba, fanyeni. Cheti tayari kiko kabatini. Hii pia inaondoa gharama ya kumsafirisha afisa, na kupunguza hatari kwamba mvua itaahirisha ndoa yenyewe. Kama kutakuwa na mpiga muziki au mwimbaji wa kulipwa, uliza loji nani anaomba kibali cha burudani. Kama jibu ni wewe, uliza gharama na siku zinazohitajika.

Mlima wa nyumbani

Kwa wengi, hesabu ikifika hapa inaonyesha mlima wa nafuu kuliko yote hauko Hajar. Mfanyakazi wa UAE ana likizo ya siku 30 kwa mwaka. Tiketi mbili za maharusi kurudi nyumbani ni pungufu ya tiketi na viza za wazazi wanne, mashangazi na wajomba kuja Dubai, na ndege za moja kwa moja zipo hadi Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Entebbe.

Lushoto katika Usambara iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Kwa kanuni ileile ya nyuzi 6.5, ni nyuzi tisa chini ya Tanga mjini. Kuna loji za wakulima zenye jibini na maziwa yao, nyumba za wageni za mashirika ya dini zenye vyumba safi, kanisa na jiko kubwa, na mandhari ya Irente inayotazama tambarare ya Mazinde. Barabara kutoka Mombo ni ya lami yenye kona kali. Epuka masika ya Machi hadi Mei, na Julai beba sweta. Nyumba za mashirika ya dini zina masharti ya pombe na muziki. Uliza kabla hujalipa.

Kenya ina vibanda vya Shirika la Wanyamapori, KWS, kama vile vya Sirimon kwenye Mlima Kenya na Fishing Lodge katika Aberdare. Vina vitanda, jiko na kuni, na mnajipikia. Gharama iliyojificha ni kiingilio cha hifadhi kwa kila mgeni kwa kila siku, na muziki mkubwa haukubaliki karibu na wanyama. Vinafaa kundi la watu kumi na tano wanaopenda ukimya, havifai bendi.

Popote mtakapokwenda nyumbani, kumbuka kodi: VAT ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Na taarifa ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya 2014 zote zinataka tangazo la siku 21. Anayeshuka uwanjani akiwa na likizo ya wiki mbili na hajatuma taarifa atarudi Marina hajaoa, isipokuwa apate kibali maalumu.

Kabla ya kutoa amana

Mkataba uandike mambo haya kwa tarakimu: bei ya mwisho kodi zikiwa ndani, pamoja na tozo ya utalii ya Dubai ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, idadi ya vibanda na majina ya vibanda vyenyewe, saa muziki unapozimwa, nani anasafisha, nani analipa kikombe kikivunjika, na amana inarudi lini mkiahirisha. Ahadi ya mdomo ya meneja mkarimu huondoka naye akihamishwa.

Anzeni na karatasi tupu. Kila mmoja wenu, bila kumwonyesha mwenzake, aandike majina ya watu ambao yuko tayari kuwalipia kitanda. Msiandike wanaostahili kadi. Andikeni wa kulipiwa kitanda tu. Unganisheni orodha. Ikija chini ya 30, tafuteni mlima, mpige simu siku za katikati ya wiki, na mtapata harusi nzuri kwa fedha mnayoiweza. Ikizidi hapo na hakuna jina mnaloweza kulifuta bila ugomvi wa ukoo, kodini ukumbi au jahazi hapohapo Marina, mlishe watu wote, kisha mlima mwende wawili tu siku inayofuata, kwenye fungate.